Kutoka kiti cha nyuma: mwongozo wa mwanamke anayetaka kuendesha pikipiki, na wa dada atakayemfundisha

Nilipakiwa miaka tisa. Nilijua kila mshono wa jaketi la mtu aliyekuwa mbele yangu, nilijua kuinama naye kwenye kona, na kwa mlio wa injini peke yake nilijua sasa hivi anabadilisha gia. Siku nilipojaribu kukaa mbele, aliyejitolea kunifundisha alisimama pembeni akipaza sauti, "Achia klachi! Achia! Siyo hivyo!" Watu wanne waliokuwa wamekaa kivulini wakageuka kuangalia. Injini ikazima mara tatu. Mara ya nne pikipiki ikaruka mbele, nikaiachia, ikalala ubavu. Nikarudi kiti cha nyuma mwaka mzima.

Baadaye nilipoanza kuwafundisha wenzangu nikagundua karibu kila mmoja ana hadithi kama hiyo. Wachache sana walishindwa kwa sababu ya nguvu. Walishindwa na saa ya kwanza: pikipiki ndefu kuliko miguu yao, mwalimu mwenye haraka, na watazamaji. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na namna ya kuipanga hiyo saa ya kwanza, halafu unaendelea hadi barabarani. Mwishoni nitazungumza na wewe ambaye tayari unaendesha na una shoga, binti au mama mkwe anayeitazama pikipiki yako kwa jicho la kutamani. (Ndiyo, mama mkwe. Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka hamsini na nane.)

Hatua ya 1: Tafuta mwalimu na kiwanja kabla ya kutafuta pikipiki

Wengi huanza kinyume. Wananunua kwanza, kisha wanatafuta wa kuwafundisha, na anayepatikana ni mume, kaka au mchumba. Sina ugomvi nao. Lakini mtu anayekupenda ana hofu juu yako, na hofu yake hutoka kama kelele. Na ukikosea mbele yake, kosa linarudi nanyi nyumbani na kukaa mezani wakati wa chakula. Kama kuna shule ya udereva inayofundisha pikipiki, nenda huko. Ukiweza kupata mwalimu wa kike au darasa la wanawake watupu, bora zaidi, angalau kwa mwanzo. Hakuna siri ya kike katika klachi. Ni kwamba utauliza swali la kijinga bila kuona haya, na hilo swali ndilo litakalokuokoa barabarani.

Muulize mwalimu mambo mawili kabla hujalipa: pikipiki ya kujifunzia ina uzito na urefu gani, na mwanafunzi wa kwanza huchukua muda gani kabla ya kutolewa barabarani. Akijibu "siku moja tu utakuwa umeiva," mshukuru na uondoke.

Kiwanja kiwe tambarare, kikavu, kisicho na changarawe, na chenye nafasi ya kwenda mita hamsini moja kwa moja na kugeuza bila kuogopa ukuta. Maegesho makubwa siku ya mapumziko asubuhi yanafaa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Na pasiwe na kibaraza cha watu wa kukutazama. Naona aibu kuandika hivyo kana kwamba tunajificha, lakini saa ya kwanza ijifiche. Baadaye watatazama wachoke.

Leseni ya kujifunzia na bima ni mambo ya sheria ya mahali ulipo. Yashughulikie mapema, maana ni rahisi kuyasahau ukishanogewa.

Hatua ya 2: Pikipiki ikutoshe kama kiatu

Usichague kwa rangi wala kwa ushauri wa anayesema "chukua kubwa, utaizoea." Pikipiki ya kuanzia yenye injini ya cc 125 hadi 150 kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 110 hadi 140 hivi. Zile kubwa za safari ndefu hupita kilo 200. Tofauti hiyo huisikii ukiwa kwenye mwendo. Utaisikia siku unaisukuma kinyumenyume kutoka maegesho yenye mteremko.

Kaa juu yake ikiwa imesimama, umevaa viatu utakavyoendeshea. Nyayo zote mbili zikilala chini, vizuri sana. Zikigusa kwa sehemu ya mbele ya unyayo, bado unaweza. Zikigusa kwa ncha tu, hiyo isiwe pikipiki yako ya kujifunzia, hata kama umeipenda namna gani. Usitazame kimo cha kiti peke yake: kiti kipana hupanua mapaja na kukufupisha miguu, kiti chembamba hukurefusha. Pikipiki mbili zenye kimo kilekile cha milimita 780 zinaweza kukupa majibu mawili tofauti.

Ukishapata unayoipenda lakini imekuzidi kidogo, mwone fundi kabla hujakata tamaa. Sponji ya kiti inaweza kupunguzwa. Shokapu za nyuma kwenye pikipiki nyingi zina pete ya kulegeza ili ikae chini kidogo. Mikono ya klachi na breki inaweza kusogezwa karibu na vidole, na baadhi ina gurudumu dogo la kurekebishia. Hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyosikika. Wanawake wengi huambiwa "mkono wako hauna nguvu" kumbe vidole vyao vinashika mkono wa klachi kwa ncha tu kwa sababu uko mbali. Waya wa klachi nao ukiwa mkavu au umeanza kuchakaa ndani, klachi huwa ngumu kwa kila mtu. Upakwe oili au ubadilishwe kabla hujaanza kumlaumu Mungu kwa viganja alivyokupa.

Hatua ya 3: Vaa kwa ajili ya kuanguka

Helmeti kwanza, na iwe yako mwenyewe. Ile ya kuazima iliyomtosha kaka yako itazunguka kichwani kwako kama sufuria. Helmeti nzuri ikiwa mpya hubana mashavu kiasi kwamba ukijaribu kutafuna unajing'ata. Ukiishika kwa mikono miwili na kuizungusha, ngozi ya uso inavutika nayo. Ukifunga mkanda na kuisukuma kutoka kisogoni kuelekea mbele, haivuki. Ikishapata pigo la nguvu mara moja, imemaliza kazi yake, hata kama kwa nje inang'aa.

Nywele zina neno hapa, na wanaume huwa hawakumbuki kutuambia. Fundo juu ya utosi linainua helmeti na kuifanya isikae. Zisukwe zilale, au zifungwe chini kabisa kwenye shingo. Mwenye kujifunika kichwa avae kofia nyembamba ya kubana isiyo na pini, na ncha zote za mtandio ziingie ndani ya jaketi. Pini chini ya helmeti ni msumari unaosubiri siku yake. Kitambaa chochote kinachopeperuka, mtandio, mkanda wa koti au pindo la sketi, kinatafuta cheni na spoku. Nimeona cheni ikimeza mkanda wa koti la mvua kwa kasi ya mtu anayetembea. Pikipiki ilisimama ghafla kama imefungwa kamba, na mwenzangu akabaki amekunjwa juu ya tangi. Aliinuka mzima, lakini tulikata koti kwa mkasi.

Jaketi na suruali viwe na pedi, na pedi zikae mahali pake. Hapo ndipo nguo za kiume zinapotukosa: ukivaa jaketi la kiume, bega linaning'inia na pedi ya kiwiko inakaa kwenye mkono wa chini. Ukianguka itateleza na kukuacha. Kama za kike hazipatikani, chagua namba ndogo yenye mikanda ya kukazia mikononi. Glavu usiziache hata kwa safari fupi. Tukianguka sote tunatanguliza viganja, watoto kwa wazee. Viatu vifunike vifundo vya miguu, na kamba zifichwe.

Hatua ya 4: Izoee ikiwa imezimwa

Watu wanataka kuiwasha tu. Nusu saa ya kwanza mimi humnyima mwanafunzi ufunguo.

Simama upande wake wa kushoto, ambako stendi ya pembeni ipo. Shika usukani kwa mikono yote miwili, egemeza nyonga yako kwenye tangi, inua stendi, tembea nayo. Nenda mbele hatua kumi, rudi nyuma hatua kumi. Zungusha. Utagundua kitu ambacho hakuna anayekieleza: pikipiki iliyosimama wima haina uzito kabisa. Unaweza kuishika kwa vidole viwili. Uzito unakuja inapoinama, na unakuja ghafla. Kazi yako yote kwenye mwendo mdogo ni kuizuia isiinamie mahali ambapo huwezi kuirudisha.

Halafu jifunze kuiinua ikiwa imelala. Najua wengi huruka hapa, na mimi nashikilia hapa kuliko mahali pengine, kwa sababu hofu kubwa ya anayeanza ni "nikiiangusha peke yangu nitafanyaje?" Akishajua jibu, mabega yanashuka.

Ilaze taratibu juu ya gunia au godoro kuukuu, mkiwa wawili. Zima swichi. Iingize gia ya kwanza kama unaweza, isije ikateleza. Ikilalia ubavu wa kulia, teremsha kabisa stendi ya pembeni kabla ya kuinua, ili ikifika juu ikipita kiasi idakwe na stendi. Ikilalia kushoto stendi iko chini yake, utaiteremsha kwa mguu mwishoni. Zungusha usukani hadi mwisho, ili mkono wa usukani ulio chini uje karibu na tangi. Sasa igeuzie mgongo. Egemeza makalio kwenye ukingo wa kiti, chuchumaa kidogo, mkono mmoja ushike huo mkono wa usukani wa chini, mwingine ushike fremu au chuma cha nyuma cha kushikia abiria. Mgongo wima, macho mbele. Kisha tembea kinyumenyume kwa hatua fupifupi, ukisukuma kwa mapaja. Ukivuta kwa mikono utaumia kiuno. Itapanda yenyewe kama mlango mzito unaofunguka. Karibu na juu punguza kasi, isije ikapitiliza upande wa pili.

Mwanamke wa kilo hamsini na tano ameinua hivyo pikipiki ya kilo mia na thelathini mbele ya macho yangu, mara tatu, na ya tatu alifanya kwa kujionyesha.

Hatua ya 5: Saa moja na klachi

Hapa ndipo penyewe, na hapa usikimbizwe na mtu.

Washa injini ikiwa kwenye nyutro, yaani bila gia yoyote. Kaa, miguu yote chini. Bana klachi hadi mwisho, ingiza gia ya kwanza. Sasa usivute mafuta kabisa. Achia klachi polepole sana, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Kuna mahali utasikia mlio wa injini ukishuka na pikipiki ikijisogeza kama mnyama anayeamka. Simama hapo. Bana tena. Hapo ndipo klachi inaposhika, na kila pikipiki ina mahali pake: nyingine karibu na usukani, nyingine mbali.

Fanya hivyo mara ishirini bila kwenda popote. Inashika, unabana. Inashika, unabana. Pikipiki itasogea inchi mbili na kurudi. Wanafunzi wangu hucheka hapa kwa sababu wanajiona kama wanabembea, lakini ndani ya hizo mara ishirini vidole vinajifunza kile ambacho maneno "achia klachi" hayawezi kufundisha. Kosa la yule aliyenifundisha lilikuwa hapo hapo. Aliniambia niachie. Angeniambia niachie hadi inaposhika, *nisimame*, kisha nimalizie. Neno moja tu.

Baada ya hapo, achia hadi inaposhika na uiruhusu iende, miguu ikiburuta pembeni. Mita kumi. Bana klachi, kanyaga breki ya nyuma, simama. Rudia hadi uchoke. Kisha ongeza mafuta kidogo, kiasi cha kubadilisha mlio tu, na miguu ipande juu ya vikanyagio. Utashangaa: pikipiki inayumba zaidi ukienda polepole kuliko ukiongeza mwendo kidogo. Mwili unakuambia punguza, akili inajua ongeza. Hiyo mivutano itakwisha baada ya siku mbili tatu.

Injini ikizima, imezima tu. Bana klachi, iwashe. Waendeshaji wa miaka ishirini huzima kwenye taa za barabarani, hasa wakitazamwa.

Macho yatazame mbali, usawa wa mtu aliyesimama mwisho wa kiwanja. Ukitazama gurudumu la mbele utaanguka hapo unapotazama. Weka chupa mbili za maji umbali wa hatua sita, pita kati yake ukizitazama, utazigonga. Pita ukitazama ukuta ulio mbele, utapita katikati bila kujua.

Hatua ya 6: Breki, kisha kona

Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu uzito mwingi hukimbilia gurudumu la mbele unaposimama. Kwa hiyo anayekuambia "usiguse ya mbele, utapinduka" anakufundisha kuigonga gari. Tumia zote mbili. Ya mbele ibanwe kwa hatua mbili: kwanza bana kidogo hadi pua ya pikipiki ishuke, kisha kaza. Ukikaba ghafla gurudumu linaweza kujifunga kabla uzito haujafika.

Lakini kuna mahali ambapo breki ya mbele ni adui: mwendo mdogo sana, usukani ukiwa umekunjwa. Hapo ndipo pikipiki nyingi za wanaoanza hulala. Unageuza kwenye maegesho, unaogopa, vidole vinabana mbele, na chini. Kwenye kugeuza polepole tumia ya nyuma peke yake, klachi ikiwa nusu, na kichwa kigeuke kabisa kutazama unakotaka kwenda, hadi kidevu kifike begani.

Chora namba nane kwa chokaa na uizunguke hadi ikuchoshe. Ukishaweza nane ndani ya upana wa maegesho ya magari mawili, nusu ya majaribio ya leseni yameisha.

Kuhusu kona za mwendo: ukishapita kilomita 25 hivi kwa saa, pikipiki haigeuki kwa kuzungushwa usukani kama baiskeli ya mtoto. Ukitaka kwenda kushoto, sukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani, polepole. Italala kushoto. Inasikika kama uongo. Jaribu kwenye njia iliyonyooka kwa msukumo wa kidole kimoja uone. Mwendo punguza kabla ya kona, si ndani yake. Na hapa hakuna suala la misuli. Fizikia inafanya kazi, wewe unaiomba tu.

Hatua ya 7: Barabarani, kidogo kidogo

Safari ya kwanza iwe alfajiri ya siku ya mapumziko, njia unayoijua kwa miguu, na mwenzako akiwa nyuma yako. Akitangulia utamkimbiza, akiwa nyuma mwendo ni wako. Usibebe abiria hadi uwe umezoea kabisa, hata mtoto, hata kwa umbali wa kwenda dukani.

Chukulia kwamba hakuna dereva aliyekuona. Kwenye makutano tazama gurudumu la mbele la gari, si uso wa dereva. Uso unaweza kukutazama na usikuone, lakini gurudumu likianza kuzunguka halidanganyi. Acha sekunde mbili kati yako na aliye mbele, kwenye mvua nne. Rangi iliyopakwa barabarani, mifuniko ya chuma na mchanga kwenye kona huteleza. Pita juu yake ukiwa wima.

Asubuhi kabla ya kuondoka: upepo wa matairi ukiwa bado baridi, cheni isining'inie wala isikaze, oili, taa, breki. Jifunze kukaza cheni wewe mwenyewe. Kuna furaha fulani ya kumwona fundi ananyamaza kidogo unapomwambia cheni yako imelegea kiasi gani kwa milimita.

Hatua ya 8: Cha kuwajibu wanaosema si kazi ya mwanamke

Usibishane sana, pikipiki ikishakuwa mlangoni mjadala hufa wenyewe. Ila ukitaka la kusema, liko.

Mwaka 1916 ndugu wawili, Augusta na Adeline Van Buren, waliikata Marekani kutoka pwani hadi pwani, kila mmoja kwenye pikipiki yake ya Indian, wakati barabara nyingi za huko zilikuwa udongo. Njiani walikamatwa na polisi, na kosa lenyewe lilikuwa kuvaa suruali. Walitaka kuthibitisha kwamba wanawake wanaweza kupeleka barua za jeshi kwa pikipiki. Walifika. Jeshi likakataa maombi ya Adeline vilevile.

Desemba 1934 Theresa Wallach na Florence Blenkiron waliondoka London na pikipiki ya Panther ya cc 600, kigari pembeni na tela nyuma, wakaikata Sahara, wakafika Cape Town Julai 1935. Ninachompendea Wallach zaidi ni kwamba baadaye alifungua shule ya kufundisha watu pikipiki huko Phoenix, Marekani. Mwaka huohuo wa 1934 mhandisi Beatrice Shilling alizunguka uwanja wa Brooklands, Uingereza, kwa kasi ya kilomita 170 kwa saa kwenye pikipiki ya Norton. Na mwaka 2018 Mhispania Ana Carrasco alitwaa ubingwa wa dunia wa Supersport 300 akishindana na wanaume, mwanamke wa kwanza kushika taji la dunia la mbio za pikipiki za barabara za mtu mmoja mmoja. Aliwashinda kwa pointi moja.

Kwa wa nyumbani wenye hofu ya kweli, hayo hayasaidii. Mama yangu hakujali Sahara. Kilichomtuliza ni kuniona navaa glavu kila siku bila kukumbushwa.

Hatua ya 9: Msiendeshe kila mtu peke yake

Kilichonibakiza kwenye pikipiki si pikipiki, ni wanawake watano wa Jumamosi. Huhitaji chama chenye katiba. Klabu ya Motor Maids ya Marekani, iliyoanza mwaka 1940, ilikua kutokana na Linda Dugeau kuwaandikia barua wanawake wengine waendeshaji, mmoja baada ya mwingine. Wewe una simu. Na kama mnataka tarehe ya kuanzia, Jumamosi ya kwanza ya Mei ndiyo siku ya kimataifa ya wanawake kuendesha pikipiki, iliyoanzishwa mwaka 2007. Masharti yake ni mepesi: toka na uendeshe.

Mkiwa kundi, aliye mgeni kuliko wote akae nafasi ya pili, nyuma tu ya kiongozi. Waanzaji hujiweka mwisho kwa haya, na mwisho ndiko mnyororo unakovutika: wa mbele akiongeza kidogo, wa mwisho analazimika kukimbia sana. Mwishoni akae mzoefu, mwenye spana na simu yenye chaji. Jipangeni kwa kupishana, mmoja kushoto mwa njia, anayefuata kulia, ili kila mtu awe na nafasi ya kukwepa. Kwenye kona kali kila mtu afuate mstari wake, mkae mmoja nyuma ya mwingine.

Vituo vipangwe kwa choo. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu nimewahi kuwa mwanamke pekee kwenye kundi lililopanga vituo kwa mafuta tu, na kwa saa tatu sikunywa maji. Kwenye joto na jaketi zito hiyo ni hatari, akili inapungua bila wewe kujua. Kila saa moja simameni, mnywe, muulizane mikono inaumaje.

Na msicheke pikipiki ndogo ya mtu. Mwenye cc 125 aliyefika amefika.

Hatua ya 10: Ukiwa wewe ndiye unayefundisha

Usimwambie "twende nikufundishe pikipiki," linamtisha. Mwambie aje akusaidie kuiosha. Akiwa ameshika sponji atakaa juu yake mwenyewe kuona inakuwaje. Mwache akae. Mwonyeshe klachi iko wapi, breki iko wapi, ikiwa imezimwa. Siku nyingine ndipo kiwanja.

Mpe maelekezo moja kwa moja, moja kwa wakati, na umpe kabla hajaondoka. Akishaanza kusogea nyamaza, hasikii kitu kwa sababu ya helmeti na moyo. Mkubaliane ishara moja tu ya mkono, kiganja juu, maana yake bana klachi. Hiyo inatatua karibu kila kitu. Usishike pikipiki kwa nyuma kama baiskeli. Kama ana hofu, tembea upande wake wa kushoto, mkono wako ukiwa karibu na klachi lakini usiiguse.

Fungeni baada ya saa moja, hata akitaka kuendelea. Vidole vya klachi vikichoka huanza kuachia vyenyewe, na kosa la uchovu ndilo analoondoka nalo kichwani. Aondoke akiwa bado na hamu.

Na injini ikimzimia, hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla hujafungua mdomo. Mimi huhesabu nikitazama pembeni, kama mtu aliyeona ndege. Mara nyingi kabla sijafika sita naisikia imewaka.